Makaa ya Kahawa kwa Garimoshi Lako

Taata, baba yangu,

Ni mara ya nne leo natoka uani hapa Namakwekwe, Mbale, na kurudi ndani bila sababu. Garimoshi lako dogo la mvuke, lile ulilounda kwa mikono yako kule Bugembe baada ya kustaafu reli, liko mezani kwangu, bado lina joto. Jumamosi tunamaliza matanga yako, na mimi ndiye uliyemtaja kulirithi. Baba mdogo hajapenda. Alinipigia simu: "Leta hiyo kitu. Kama haitembei mbele ya watu, tunapatia watu ya vyuma chakavu."

Tangu hapo sina raha. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kuchagua makaa? Ulikuwa ukigonganisha vipande viwili karibu na sikio langu, wauzaji wakikucheka. "Sikia, mama. Hii inalia kama chupa. Hii imenyamaza. Ya kunyamaza tuachie watu ya chai." Ulitaka makaa mazito, yasiyorusha cheche, uyavunje yawe madogo kama ncha ya kidole gumba.

Na mimi kichwa ngumu, wiki iliyopita nikanunua yale ya kufinyanga huku viwandani, ya duara, yamepangwa vizuri kama maandazi. Nilisahau kwamba hukandwa kwa udongo. Moto haukufika nusu saa, majivu yakaziba wavu wa chini, mshale wa kipimo cha mvuke ukapanda kidogo ukalala. Nililia kwa hasira. Hata wewe nilikukasirikia, kwa kuondoka bila kuniandikia chochote.

Nikakumbuka na visingizio vyako kila Krismasi nilipokualika. "Nije Mbale nifanye nini? Huko makaa ya kulia kama chupa hakuna. Siwezi acha gari yangu inalala baridi." Nilicheka mbele yako, kisha nikanuna njia nzima ya kurudi.

Leo asubuhi nilikuwa nachochea maharage. Kipande cha makaa kikadondoka kutoka kwenye gunia, kikagonga sakafu, kikalia. Nikaokota kingine, nikavigonganisha sikioni. Chupa kabisa! Ni makaa ya visiki vya kahawa, Taata. Baba mkwe huyachoma kila wanapokata miti ya kahawa iliyozeeka kule mlimani, na hutuletea. Nikaliinua garimoshi juu ya matofali, nikayavunja, nikawasha. Mshale ulipanda hadi kwenye alama yako nyekundu ukakaa hapohapo. Magurudumu yalizunguka mpaka maharage yakaungua.

Ningepaswa kufurahi. Lakini naingia, natoka, nashika ufagio, nauacha. Miaka sita nimepika maharage kwa makaa ambayo yangekuleta kwangu, na sikuwahi kuyagonga hata mara moja.

Jumamosi nakuja na gunia zima. Baba mdogo ataisikia honi ya garimoshi lako kabla hajaniona.

Pumzika, Taata. Mimi bado nimeshindwa kupumzika.

Binti yako wa Mbale