Fimbo Isiyonyooshwa

Olmotonyi, Arusha
Alhamisi

Kwako mdogo wangu Yiamat,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, vumbi la huko Geita halijakuingia kifuani, na unakula ukashiba. Shikamoo yako siidai. Ukisoma mpaka mwisho utaamua mwenyewe kama mtu wa namna yangu ni wa kuamkiwa. Sisi huku tupo. Baridi ya mlima imeshuka mapema, mahindi yamekataa kukauka, na yule ng'ombe mwekundu uliyemwacha akiwa ndama alizaa mwezi uliopita, lakini mtoto wake hakuishi siku mbili. Shemeji yako Simaloi anakusalimu sana. Anajua nakuandikia ila hajui ninachoandika.

Namba yangu uliifunga, nami sikulaumu. Ndiyo maana nimemkabidhi barua hii Philemoni, dereva wa lori la vitunguu, ambaye ameapa kuiweka mkononi mwako. Nakuomba usirukie mwisho kama ulivyozoea kufanya na magazeti. Isome kwa mpangilio wake, maana nami nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Kuhusu Baba, unajua alipigwa kiharusi mwezi wa pili, kwa kuwa Simaloi alikupigia. Upande wa kulia umelala na ulimi umefungwa. Anasikia kila kitu na akili yake ni ile ile. Nikikosea mstari ninapomsomea Biblia anakunja uso. Lakini neno halitoki. Daktari ametuambia bila kuzunguka kwamba kiharusi cha pili hakiko mbali, na kama kuna mtoto aliye mbali aitwe. Ulimjibu shemeji yako kwamba mtu aliyekutolea ushahidi auguzwe na hakimu wake. Alinieleza maneno hayo huku analia. Mimi nilitoka nje nikapasua kuni mpaka mikono ikachubuka.

Naomba turudi kwenye Jumamosi ile pale ukumbini kwa Avtar, Sakina, ingawa najua hutaki kuisikia. Ni miaka mitatu sasa, na sijapitisha wiki bila kuicheza upya kichwani.

Unakumbuka kanuni yetu ya mpira mweusi, ule wa mwisho unaoamua mchezo, ilivyopatikana. Zamani mchezaji wa pulu alitaja shimo kwa mdomo, na kila mechi iliisha kwa ugomvi: huyu anadai alitaja la kona, yule anadai alisikia la katikati, na muziki wa Avtar umemeza yote. Mimi ndiye niliyependekeza kwamba mdomo usihesabiwe kabisa. Mchezaji alinyooshee shimo fimbo yake kabla hajapiga, kila mtu aone. Asiponyoosha na mweusi ukaingia, ameshindwa. Avtar, kwa kuwa ukumbi ni wake na uenyekiti wa ligi ni wake, akaiandika kwenye kipande cha boksi akakibandika ukutani. Ukaanza kuniita Bwana Kanuni. Ulidhani unanitania, kumbe nilikuwa najivuna.

Siku ile ilikuwa fainali, wewe na Oscar wa mjini, mwamuzi mimi, na mshindi ndiye angeichezea Arusha kule Dodoma. Baba alikuwa ameshuka mjini kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Miaka yote alisema pulu ni mchezo wa wanaume wasio na shamba. Hata hivyo nilimwona anaingia, mzee wa kanisa mzima, kofia mkononi kama vile ibada imeshaanza, akasimama kwenye kona ya meza iliyokuwa na nafasi, nyuma kabisa ya shimo, tumbo lake karibu liguse meza. Ulimwona na wewe. Tangu alipoingia ulicheza mchezo ambao sijauona tena kwa mtu yeyote.

Ukabaki mweusi peke yake, nao ulikuwa umekaa kwenye mdomo wa shimo lile lile aliloliegemea Baba. Hata mimi ningeuingiza, na unajua mkono wangu ulivyo. Hapo ukasita. Watu walidhani unapima. Mimi nilijua unachokipima. Katika boma letu hakuna aliyewahi kumnyooshea Baba fimbo, hata kwa utani, hata kumwonyesha mbuzi aliyepotea nyuma yake. Na kumwambia mzee asogee, mbele ya vijana wale, siku ya kwanza aliyokuja kukuangalia, usingeweza. Ukanitazama. Ulinitazama muda mrefu, Yiamat, ukiniomba mimi nimwombe asogee. Mwamuzi ana ruhusa ya kusogeza watazamaji, na mchana ule nilikuwa nimewasogeza wengine mara tatu. Nikajifanya nasoma boksi la ukutani.

Ukalionyesha shimo kwa kidevu, ukapiga, mweusi ukaingia.

Makelele yaliyofuata unayajua. Watu wa Oscar walipanda juu ya viti wakidai fimbo haikunyooshwa, na kwamba mwamuzi ni kaka wa mchezaji, haki itatoka wapi. Oscar mwenyewe, tumpe sifa yake, alisema amekiona kidevu na ameelewa, na kwamba yuko tayari mweusi urudishwe mezani upigwe tena. Watu wake wakamzomea. Nami nikamwambia kwamba kanuni haina kurudia, na mchezaji hana mamlaka ya kuisamehe. Nilisema kwa sauti ya juu ili Avtar asikie kule kaunta. Asubuhi ile alikuwa ameniambia kwamba anatakiwa kupeleka jina moja la mwamuzi wa mkoa, na litakuwa langu kama nitaonyesha kwamba sina ndugu ukumbini. Mdogo wangu, niliitaka ile beji ya mwamuzi wa mkoa kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Ulikuwa na mkono wako. Mimi nilikuwa na kanuni tu.

Ndipo nikatoa ile hekima yangu kwamba aulizwe aliyesimama karibu zaidi na shimo, mtu ambaye hata watu wa Oscar walimjua kuwa hasemi uongo. Kelele zilikuwa nyingi, kwa hiyo nilimtegea Baba sikio, naye akaniinamia akanijibu. Nikageuka nikatangaza kwamba mzee anasema fimbo haikunyooshwa. Uliniuliza, kwa sauti ndogo sana, kama ni Baba mwenyewe aliyesema hivyo. Nikakubali kwa kichwa. Ukampa Oscar mkono, ukalaza fimbo mezani, ukampita Baba bila kumtazama. Kesho yake kitanda chako kilikuwa kitupu.

Sasa sikia yaliyobaki. Baba alisema maneno hayo kweli, lakini hakuishia hapo. Aliniambia kwa Kiarusha kwamba hukunyoosha fimbo kwa sababu yeye alikuwa amesimama pale, na kwamba mimi kama mwanawe nalijua hilo vizuri. Akasema kosa ni la miguu yake, si la mkono wako, nikupe mchezo wako. Hayo yote aliyasema. Nilitangaza nusu, nusu nikaimeza. Kwa kuwa Kiswahili cha haraka kinampita na kelele zilikuwa zile, hakujua nilichotangaza. Alidhani nimeyasema yote na kanuni imekataa.

Laiti ningeishia hapo. Ulipokuwa umeondoka aliniuliza kama nilikuambia alivyosema. Nikamjibu kwamba nilikuambia. Akauliza ulijibu nini. Nikasema hukujibu kitu. Aliniuliza tena Krismasi, akaniuliza Pasaka, na kila mara nilimpa jibu lile lile, kwa sababu uongo ukishaota mizizi kuung'oa ni kazi. Mwaka jana akaacha kuuliza. Kwa hiyo wewe umekaa huko miaka mitatu ukijua kwamba baba yako alikuangusha mbele za watu, naye amekaa hapa miaka mitatu akijua kwamba alikutetea nawe ukamdharau. Katikati nimekaa mimi na beji yangu. Nimeamua mechi mpaka Moshi na Babati, na watu wananisifu kwamba sipindishi.

Jumapili iliyopita, Simaloi alipokwenda kanisani, nilivuta kigoda kando ya kitanda nikamwambia Baba kila kitu, kama nilivyokuandikia wewe. Nilitegemea atalia, au atanilaani kwa macho. Alinitazama tu mpaka nikamaliza, kisha akageuza uso ukutani. Tangu hapo uji anaupokea kwa mkono wa Simaloi peke yake. Nikishika kijiko mimi, anafunga mdomo. Simaloi ananiuliza kimeingia nini kati yetu, nami sijamjibu, kwa kuwa nilitaka wewe ujue kwanza.

Njoo, Yiamat. Philemoni anarudi Jumatatu na amekuwekea nafasi ya mbele. Sikuombi msamaha kwa karatasi, na ukitaka nisiwepo nyumbani siku utakazokaa, nitalala kwa jirani. Kaa tu karibu naye umwambie kwamba hukujua. Mimi nimeshamwambia, lakini haliamini tena neno linalotoka kinywani mwangu, na kilichobaki ni yeye kulisikia kutoka kwako aliamini.

Wasalimie unaoishi nao. Simaloi amekufulia blanketi lako na kulianika. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi kaka yako,
Lesikar