Kuku Kwenye Karai

Baba watoto,

Salamu zikufikie huko kusini ulikopelekwa. Sisi tupo, ila tumechoka. Mwanao wa mwisho ameota meno mawili, anauma kila kitu, hata mimi. Mama yako bado anakohoa, lakini ulimi wake hauna ugonjwa.

Kuku mwekundu aliatamia ndani ya karai lako la kubebea udongo. Nikamwacha, maana nani agombane na mzazi?

Basi, wanajeshi walifika. Walisema ardhi hii ya mpakani ni ya umma, na sisi tumejimegea tu. Nikawaonyesha picha yako ukiwa na sare. "Mume wangu ni mwenzenu," nikasema. Mkubwa wao akaitazama, sauti ikapoa.

"Pole, shemeji. Hata mke wangu amejenga kwenye ardhi ya umma, kule kusini. Sijui watatumwa akina nani kumtoa."

Sikumwambia uko wapi.

Akambeba kuku pamoja na karai lake, taratibu kama amebeba kichanga, akamweka kivulini. Kisha akarudi, akauangusha ule ukuta wa nyumba ulioukandika ulipokuja likizo.

Sasa tunalala chini ya turubai kando ya barabara. Vifaranga wametoka wote salama.

Kazi yako huko hujawahi kunieleza, nami sikuulizi. Ila ukimkuta mwanamke anakuonyesha picha ya mumewe, mwite shemeji. Halafu uniandikie ulifanya nini baada ya hapo.

Ni mimi,
mama watoto wako