Mzee Kaspari Analijua Neno la Siri

Idete, Alhamisi, Machi 1998

Mvua tangu alfajiri, matope hadi vifundoni, na mimi nimejikasirikia siku nzima. Naandika kwa kalamu. Ile kompyuta ya mkononi sitaki hata kuiona.

Wiki ya tatu hii nazunguka nayo nyumba kwa nyumba, nikiwauliza akina mama wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Vitufe vyake ni vidogo kama punje za mpunga. Isipoguswa dakika mbili inajizima kutunza betri, na ukiiwasha inadai neno la siri upya: herufi nne, tarakimu nne. Ukikosea mara tatu inajifunga mpaka uirudishe ofisini. Kule Ifakara tulifundishwa kuziba vitufe kwa mkono au kugeuka pembeni tunapolibonyeza.

Sijawahi kugeuka hata mara moja.

Nimpe mgongo Mzee Kaspari, mwenyeji wangu, anayenilaza na kunilisha? Niliona aibu. Nikawa nabonyeza mbele yake, tena nikinong'ona kila herufi nisikosee.

Leo nilikuwa namhoji jirani barazani kwa Mzee, vidole vimelowa, nikakosea mara mbili. Mzee akanionea huruma. Akanitajia zote nane kwa mpangilio, taratibu, kama mwalimu anayeita majina darasani. "Usiwe na haraka, mwanangu. Sasa saba, halafu nne."

Ikafunguka. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ndipo nikamwona Vero, mke wa mwanawe, amesimama na sufuria mkononi. Hakucheka.

Juzi, tukiwa wawili tu nyuma ya jiko, Vero aliniambia kwamba kabla ya kuolewa alizaa mtoto huko Malinyi, akafa akiwa na siku tisa. Mumewe hajui. Baba mkwe hajui. Nilimwandika mtoto, nikamhakikishia Vero kwamba hakuna atakayeweza kuifungua mashine isipokuwa mimi. Na kila nikienda kuoga naiacha kabatini, sebuleni kwa Mzee.

Sidhani kama Mzee ameigusa. Lakini ahadi yangu ilikuwa ya uongo, na hilo ni kosa langu, si la vitufe.

Kesho naenda Ifakara kwa gari la kwanza. Nitamwambia msimamizi atupe tarakimu nne tu, kila mtu na zake, ambazo kidole gumba kinaweza kuzibonyeza chini ya khanga bila kutazama. Na mashine isijizime kabla mama hajamaliza kujibu. Akikataa, aichukue mashine yake. Mzee nitamwomba radhi, kisha nitageuka. Akininunia, atanuna siku mbili tatu.

Jioni nilimfuata Vero kisimani, nikamweleza yote. Nikamwambia yule mtoto naweza kumfuta sasa hivi, japo naweza kufukuzwa kazi. Alijaza ndoo kwanza, akajitwisha.

"Usimfute, dada. Hajaandikwa pengine popote."

Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa barabarani.