Altezza ya Shemeji Mhina

Manundu, Korogwe
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo nyumbani Kwamsisi ulikorudi, na mama naye kifua chake kiwe kimempa nafasi ya kulala. Mpwa wangu Faudhia anaendeleaje na mguu? Nimesikia plasta ilitolewa wiki iliyopita lakini bado hajakanyaga chini. Mimi ni mzima wa mwili. Akili ndiyo haijatulia, dada, jana nilifunga gurudumu la mteja nikasahau nati mbili, ikabidi nimfukuzie na bodaboda mpaka kituo cha mafuta.

Najua utashangaa kuandikiwa barua zama hizi za simu. Nimekupigia mara tatu mwezi huu, na kila ulipopokea nikaishia kukuuliza bei ya mahindi. Basi barua hii nampa utingo wa basi la Handeni, amkabidhi Edna wa dukani, na Edna nimemsihi akufikishie kabla ya Jumamosi. Nimeambiwa siku hiyo wazee wanakaa, Mhina ameitwa, na wewe umeshasema hutaki maneno mengi, unataka talaka yako tu. Nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya, soma mpaka mwisho kabla hujakaa kwenye mkeka huo.

Unakumbuka mumeo aliponunua ile Altezza ya silinda sita, ukasema nyumba imepata mtoto wa pili na huyu ananyonya petroli. Tulicheka siku ile. Mwezi wa sita akanijia gerejini. Vijana wenye magari walikuwa wamepanga siku ya kushindana kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ule wa shamba la mkonge, naye alitaka gari liongezwe nguvu bila kuuza kiwanja chenu. Nikamwambia turbo aisahau, hiyo ni ya watu wenye visima vya mafuta. Tutengeneze kwanza injini ipumue, nikasema: plagi sita mpya, chujio jipya la hewa, tusafishe nozeli, na bomba pana la moshi tumpe Castory wa kuchomelea atutengenezee. Mumeo alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema yeye kabla ya mwendo anataka breki. Alisema gari linalojua kukimbia tu bila kujua kusimama ni la mwendawazimu. Tukaweka pedi mpya mbele na nyuma, mafuta mapya ya breki na matairi manne, na bajeti karibu yote ikaishia hapo. Nakwambia hivi kwa sababu nasikia mama anasema Mhina hana akili. Anazo, dada. Asiye nazo ni mwingine.

Kilichobaki kilitosha plagi, chujio na bomba. Mhina akauliza kama hakuna kingine cha bei nafuu. Hapo ndipo mimi, kwa kupenda sifa, nikamwambia kipo cha bure kabisa, nacho ni uzito. Nikang'oa kiti cha nyuma, mikanda yake, tairi la akiba, jeki, mazulia, na ile redio yake kubwa anayoipenda. Gari likawa jepesi kama debe tupu. Jumapili ile tulishika nafasi ya pili, na mumeo akanibeba mabegani, mtu mzima, nikilia. Tangu baba afariki sikuwahi kufurahi namna ile.

Kesho yake akaniletea gari nirudishe kila kitu, maana Jumanne alikuwa anakwenda Handeni kumchukua Faudhia aliyekuwa kwa shangazi yake likizo. Ya Jumanne unayajua. Ng'ombe wa wafugaji waliingia barabarani ghafla, akakanyaga breki, na gari likasimama palepale, hata mkia wa ng'ombe halikuugusa. Mtoto peke yake ndiye ambaye hakusimama. Alirushwa kutoka kiti cha nyuma, akabamiza paja, mfupa ukakatika. Pale hospitali ulimuuliza mumeo kwa nini alikuwa anakimbiza gari na mwanao hajafungwa mkanda. Akajibu umsamehe, basi. Faudhia akasema baba alimfunga, ukamkaripia kwamba asifundishwe uongo angali mdogo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya uji mkononi.

Dada, mtoto alikuwa amefungwa. Baba yake alimfunga kwa mkono wake mpaka mkanda ukalia.

Gerejini kwangu bolti zote huingia kopo moja, lile la maziwa ya unga, na kazi yoyote inachota humo. Ndivyo nilivyofundishwa, na gereji nyingi za hapa zinakwenda hivyo, bolti haina mwenyewe. Za mikanda ni nene na ngumu, na wiki ile zilikwishaondoka na magari ya watu. Jumatatu nilimwaga kopo chini nikapata za kushikia mikanda kwa juu. Za vifungio, vile vya kuchomekea ulimi wa mkanda chini kwenye kiti, hazikuwepo. Ningeweza kumwambia asubiri siku moja. Nikajiuliza ni nani Korogwe hii anayefunga mkanda wa nyuma, wakati kwenye magari yetu vifungio vimemezwa na kava za viti miaka nenda rudi. Nikavisokomeza katikati ya mto na mgongo wa kiti, vikabana vizuri, ukivitazama utasema vimeshikwa. Chini hapakuwa na bolti hata moja. Jioni Mhina akapiga simu kuuliza kama nimerudisha vyote. Nikamjibu vyote, mpaka mikanda.

Yeye anajua. Alipokuja kulitazama gari baada ya ajali alivuta kifungio kikaja chote mkononi. Akakaa juu ya tairi, mimi nimempigia magoti kwenye oili. Nilitegemea anipige na nilitaka anipige. Aliponyanyuka alisema nisikwambie kamwe. Alisema mume hupatikana, lakini wewe una ndugu mmoja tu wa tumbo moja, na hataki akukute siku moja huna hata huyo. Tangu hapo amebeba lawama yangu wiki sita, nami nimemwachia abebe. Hilo linaniua kuliko hata la bolti. Kila jioni anapita gerejini, amekonda, anauliza kama nimesikia mtoto amekanyaga. Na Jumamosi ukidai talaka atakupa, bila kujitetea, namjua.

Mimi nakuja na basi la kwanza siku hiyo, niyaseme haya mbele ya wazee. Lakini nimeona uyajue wewe kwanza, kwa mwandiko wangu. Ukiniambia nisikanyage kwako tena, sitakanyaga. Ila usimwache Mhina. Mtoto asipotembea, aliyemvunja ni mimi.

Mama nisalimie, na haya mweleze wewe kwa namna utakayoona, mimi sina ubavu. Edna mshukuru. Na kabla hujaikunja karatasi hii, nakuomba umwite Faudhia umwambie mjomba anasema yeye hakudanganya. Baba alimfunga.

Ni mimi mdogo wako,
Mdoe