Shule ya Watoto Elfu Tatu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu tele. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Natumaini wewe na binti yangu Kasuku hamjambo, na kile kikohozi chako kimekuachia.

Barua yako imefika. Unasema Kasuku wetu amepata nafasi kwenye shule kubwa yenye maabara, na unataka neno langu kabla ya Ijumaa.

Sasa sikiliza. Hapa tunajenga madarasa ya shule kama hiyo. Watoto elfu tatu! Msimamizi wetu hutania kwamba hata yeye akivaa sare atamaliza kidato cha nne bila kushtukiwa, na upara wake. Lakini kuna msichana aliyekuwa akija kila mapumziko kujikunyata nyuma ya matofali yetu. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema tumbo, tangu muhula uanze. Nikasema amwambie mwalimu wake. Akaniuliza, yupi? Nikampeleka kwa muuguzi wa shule, na vumbi langu hivyohivyo. Yule mama alimuuliza jina tu, mtoto akaangua kilio. Siku hizi hupita kwake kila asubuhi, na jana nilimwona akicheka na wenzake wawili.

Huko kwenu Kasuku aliposusa chakula siku mbili, aliniandikia kwamba mpishi wa shule yake hiyo ndogo alimfuata hadi darasani kumuuliza ana nini.

Dada, nina la kukiri. Miaka yote mnajua nilifukuzwa shule. Sikufukuzwa. Ili ufukuzwe lazima kwanza mtu ajue upo. Niliamka siku moja moyo mzito, sikwenda. Nikakosa wiki, kisha mwezi, nikingoja mtu aulize niko wapi. Hakuna aliyeuliza. Nikaona aibu kurudi, nikawadanganya. Wewe ukaenda kumfokea mwalimu mkuu, akasema hanikumbuki, ukamwita mwongo. Hakuwa mwongo. Nisamehe.

Neno langu ni abaki alipo. Ila msomee barua hii yote, aamue mwenyewe, maana ana akili kunishinda. Akichagua kwenda, mpeleke wewe, na usitoke pale mpaka umempata mtu mzima mmoja atakayemjua kwa jina.

Wasalimie majirani wote, na unywe dawa yako.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi