Baba, Walikuwa na Kupe Kweli?

Baba yangu mpendwa,

Sikuwahi kukuuliza, na sasa umeshalala kaburini kwetu Usangu: wale ng'ombe walikuwa na kupe kweli?

Nakumbuka jioni za siku ya josho. Mifugo imetoka kuogeshwa, bado inanuka dawa, nawe unakaa kwenye kigogo, unavuta ndama mmoja na kuanza kumpekua masikio. Taratibu. Tukikusogelea unasema, "Niacheni kwanza." Baadaye unamwita mama aje akushikie ndama. Ndama mwenyewe ametulia, anasinzia! Mama alimshika hivyo hivyo, mkaongea Kisukuma cha chini chini, na mlipoingia ndani ulikuwa mtu wa kutaniwa tena.

Mwanao ni karani siku hizi, hapa Mbeya, kwenye baraza linalosikiliza kesi za ardhi. Kazi yangu ni kuita majina ya wenye mashauri. Alhamisi nilisimama mlangoni, watu wakanitazama, sauti ikakataa kutoka. Kifua kilibana, nikajua nakufa. Bosi akasema niende hospitali, nirudi Jumatatu. Nikishindwa tena, atafutwe mwingine.

"Moyo wako mzima, dada," alisema daktari. "Huu ni msongo wa mawazo. Mwili unajiandaa kukimbia, na hakuna simba. Ukizidiwa huwa unafanyaje?"

"Najifungia chooni."

"Na wenzako wajisaidie wapi?" Tukacheka wote. "Kwenu mtu akizidiwa alikuwa anafanya nini?"

Ndipo ukanijia wewe na ndama wako. Tangu hapo nachunguza. Je, mikono ikipata kazi ndogo, pumzi hushuka yenyewe? Nikajaribu: nilichambua mchele polepole, nikipumua polepole. Kifua kililegea kidogo. Lakini hofu ya Jumatatu ilibaki palepale, nikabaki na swali jingine: mama alikuwa anaitwa kwa nini, kama ndama hasumbui?

Jumapili nilimfuata Tumaini, karani mwenzangu kutoka Iringa, nikamwambia yote.

"Kumbe unaogopa!" alishangaa. "Sisi tulidhani unaringa. Husalimii mtu."

"Naogopa mpaka salamu."

"Haya, kesho nasimama nyuma yako. Ukikwama nakukanyaga mguu."

Niliondoka kwake mwepesi kuliko nilivyofika, na hakuwa amenipa dawa yoyote. Nadhani mama naye alikuwa akikusikiliza tu.

Jumatatu nikasimama mlangoni, Tumaini nyuma yangu. Nilivuta pumzi, nikaita jina la kwanza. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto. Kisha, mwisho kabisa wa benchi, mzee mmoja akainuka, akavua kofia.

"Nipo, mama."

Nikaita la pili.

Lala salama, baba. Majina ya kesho ni mengi.

Binti yako wa katikati