Upande wa Pili wa Fremu

Mjukuu wangu Zaituni,

Nakusalimu kutoka Arua. Shangazi yako amehamia Koboko, na nyumba imekuwa kimya.

Uliniuliza kwa nini nasema "Shika!" nikisuka wavu wa waya peke yangu. Zamani karakanani kila fremu ilikuwa na watu wawili. Mimi nilisukuma waya, na rafiki yangu Drani aliipokea upande wa pili akijibu, "Iko!" Vita vilipokuja tulivuka mpaka pale Vurra, tukaingia Kongo. Mimi nilirudi, yeye hakurudi. Wavu wa kwanza niliousuka bila yeye niliupima kwa mtama, na hata punje moja haikupenya. Nikainua kichwa nimwambie. Nikaona ukuta.

Ukija likizo, simama mahali pake. Nikisema "Shika!", nijibu.

Babu yako